Pesa ya Nyumba Iliyosimama Nyuma

Maneno yalianzia pale tunapotenganishia takataka, kwenye mapipa ya chupa na makaratasi. Ati kuna familia ya jengo la mia moja na tatu ambayo vyombo vyake vyote, kuanzia makabati mpaka mitungi ya kimchi, ile kabichi yetu ya kuchachusha, vimefungiwa ndani ya kontena huko ghalani, na wenyewe hawana mlango wa kuvishushia.

"Wamefukuzwa?" mmoja aliuliza.

"Wafukuzwe na nani? Walitoka kwa miguu yao, na pesa yao wakarudishiwa yote."

"Basi iko wapi hiyo pesa?"

Yule aliyeleta habari alilikanyaga boksi lake mpaka likalala. "Imekwenda kusimama dhamana," akasema, akaondoka zake.

Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Familia ile naijua. Ni ya Bibi Tak, na hapa Bucheon hamna nyumba inayochukia dhamana kama yake. Mumewe alimtilia rafiki muhuri kwenye karatasi za mkopo, mwaka ule benki zilipoanguka. Rafiki akakimbia. Wenye deni wakaja wakachukua nyumba, kiwanda kidogo cha skrubu, hata televisheni, na mzee akafa kabla ya majira ya baridi kwisha. Ikawaje basi mwanawe arudie jambo lile lile? Kwangu kuna kijana wa kiume, naye ana simu. Nikaona niandike.

*

Chanzo kilikuwa pepo, wale wanaosemekana kumfuata anayehama siku mbaya. Kwetu anayeweza hapangi nyumba kwa mwezi. Humpa mwenye nyumba fungu moja kubwa, hukaa miaka miwili, na akitoka hurudishiwa fungu lake lote. Gwang-il, mtoto wa Bibi Tak, na mkewe Sun-rye walikuwa na fungu la won milioni mia na themanini kwa mwenye nyumba wa zamani. Wakapata nyumba nyingine karibu na shule ya binti yao Da-eul, wakamlipa mwenye nyumba mpya, Bi. Ban, arubuni ya milioni ishirini. Iliyobaki, mia na themanini kamili, angelipwa siku ya kuhamia.

"Tarehe tisa ina pepo upande wa mashariki," Bibi Tak alisema. "Hamuingii nyumba tarehe tisa."

"Mama, mpangaji anayetufuata anaingia pale tarehe hiyo hiyo," Sun-rye alijibu. "Atukute tumelala?"

"Tokeni. Nani kawazuia kutoka? Lakini kuingia, mtaingia siku isiyo na pepo. Vyombo viende ghalani, nyinyi njooni kwangu."

"Kwako ni chumba kimoja, mama."

"Mimi nimelea mtoto ndani ya chumba kimoja, kwa sababu ya mwanamume mmoja na muhuri wake. Wewe hukufiwa na mume, utakufa kwa wiki mbili?"

Ndivyo fungu la nyumba lilivyorudi benki, kwa jina la Gwang-il, likakaa pale bila kazi. Kwa desturi pesa hiyo hailali. Asubuhi huingia kutoka kwa mwenye nyumba wa kwanza, na kabla ya chakula cha mchana iko kwa wa pili. Safari hii ililala.

*

Jioni yao ya kwanza kwa Bibi Tak, Bong-su alipiga hodi. Ni mdogo wake Sun-rye, muuza samaki. Alikuja na sanduku la pea, zile kubwa za zawadi, kila moja na kofia yake ya sponji. Alitaka mkopo wa kununua gari la barafu, na wakopeshaji walidai mtu wa pili wa kumdhamini.

"Shemeji, sitaki hela yako. Sahihi tu. Usimame nyuma yangu."

Gwang-il alilisukuma sanduku kwa kidole cha mguu. "Unajua baba yangu alikufaje?"

"Najua."

"Alisimama nyuma ya mtu. Mtu akakimbia, baba akabaki kasimama. Nyumba hii hatusimami nyuma ya mtu, hata awe wa tumbo moja."

"Rudia," Bibi Tak alisema kwa raha, huku akimenya pea ya mgeni. "Rudia asikie vizuri."

"Mwanamume mzima anayetafuta wa kusimama nyuma yake bado hajaachishwa ziwa," Gwang-il akaongeza.

Bong-su alivaa viatu bila kufunga kamba. Sun-rye akamfuata mpaka kwenye ngazi.

"Bong-su, usimsikilize huyo."

"Rudi ndani, dada. Pea zitakwisha."

*

Wakati Gwang-il akitoa hotuba ile, simu ilikuwa ikimtetemekea mfukoni.

Tangu majira ya kuchipua alikuwa kwenye soko la sarafu za mtandaoni, tena si kununua sarafu zenyewe. Alikuwa akishika mikataba ya bei: unaahidi kwamba bei itapanda, ikipanda unalipwa, ikishuka unalipa wewe. Soko lenyewe liko nje ya nchi. Won hugeuzwa sarafu hapa nyumbani, kisha hutumwa huko, na mwenye kulalamika hana ofisi ya kwenda kugonga meza. Aliingizwa na kundi la simu linaloongozwa na mtu anayejiita Rubani. Humo, wenye pesa kidogo huitwa sisimizi. Gwang-il, msimamizi wa ghala la vipuri, mtu wa miaka arobaini na sita, alikuwa akiamkiwa kila asubuhi, "Sisimizi wetu, umekula?" naye alikuwa akijibu, "Nimekula, Rubani."

Mwanzoni alitumia utaratibu unaoitwa Pekee. Kila mkataba na dhamana yake. Mkataba ukifa, dhamana yake inakufa nao, na pesa nyingine ya mfukoni haiguswi. Rubani akamcheka. "Pekee ni ya waoga, unavunjwa upesi kama kijiti. Weka Pamoja. Mfuko wote usimame nyuma ya mkataba, bei iyumbe itakavyo." Gwang-il akabonyeza Pamoja. Yakatokea maandishi madogo, marefu. Chini yake paliandikwa *Nimesoma na nimeelewa*, naye akabonyeza hapo kama tunavyobonyeza sote.

Usiku ule Sun-rye alimkuta kwenye ngazi, uso ukiwa na mwanga wa simu.

"Unaongea na nani?"

"Naangalia bei."

"Ya nini?"

Akamwambia, kwa sababu alikuwa amebanwa na hakuwa na mwingine wa kumwambia. "Nimeweka dhamana milioni kumi na tano, nimeshika mkataba wa milioni mia tatu."

"Mia tatu umezipata wapi?"

"Sizitoi mimi. Soko linanikopesha, mara ishirini. Bei ikipanda kidogo tu, napata kama mwenye mia tatu."

"Ikishuka kidogo?"

"Napoteza kama mwenye mia tatu."

"Na wewe una kumi na tano."

"Ndiyo maana ikishuka tano katika mia wanaufunga mkataba kwa nguvu na kuchukua dhamana. Sasa hivi imeshuka nne."

"Waache wachukue, uje ulale."

"Milioni kumi na tano, Mama Da-eul! Bonasi zangu za miaka mitatu!"

"Hizo bonasi mimi sijawahi kuziona."

"Ndiyo maana hazikuumi."

Sun-rye alimtazama kama anavyotazamwa samaki anayesemekana ni wa leo. "Pesa ya nyumba iko wapi?"

"Benki. Kwani mimi mwendawazimu?"

Na kweli, alipouliza, ilikuwa benki. Ilihama kesho yake asubuhi.

*

Alijiambia hivi: siichezi. Inakaa tu kwenye mfuko, isimame nyuma ya mkataba kama kaka mkubwa anavyosimama nyuma ya mdogo wake uwanjani. Haiingii ugomvini. Bei ikirudi juu, naitoa, namlipa Bi. Ban, na hakuna atakayejua.

Pesa ilipofika sokoni, skrini ikamwandikia: *Salio linalopatikana*, milioni mia sitini na nane. Hasara ya mpaka pale ilikuwa imekatwa tayari, na dhamana imetengwa, lakini jicho lake halikwenda huko. Lilikwenda kwenye neno *linalopatikana*, akashusha pumzi. Ipo. Naiona. Hakujiuliza nani mwingine anaweza kuipata. Hapo ndipo wengi wanapofia, kwa hiyo nitalisema taratibu: kwenye Pamoja, salio linalopatikana si pesa iliyowekwa kando. Ni pesa ambayo wewe unaweza kuichezea, na hasara inaweza kuila.

Bei ikashuka tena. Salio likawa pungufu bila yeye kugusa kitu. Akafikiri ni kivuli tu, kitarudi. Rubani akaandika, "Sasa mwaga maji." Ndivyo wanavyosema: mchuzi ukizidi chumvi unaongeza maji, na bei ikishuka unaongeza mkataba kwa bei ya chini ili wastani wako ushuke. Gwang-il akatazama salio. Lilikuwepo, linapatikana. Akaongeza. Baada ya chakula cha mchana akaongeza tena. Mkataba ukafika won bilioni moja na nusu, ukishikiliwa na fungu la nyumba moja. Sasa bei ilihitaji kushuka kumi tu katika mia, fungu lote liliwe.

Kundini wakampigia makofi ya picha. "Si sisimizi tena huyu!" Rubani aliandika. Gwang-il alitabasamu peke yake katikati ya maboksi ya vipuri.

*

Siku iliyofuata ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha baba yake. Sun-rye alikaanga na kuchemsha tangu asubuhi, na Bibi Tak alisimama nyuma yake akihesabu makosa.

"Kichwa cha samaki huangalia mashariki. Kwenu hamkufundishwa?"

"Kilikuwa kikiangalia mashariki, mama. Meza ndiyo umeigeuza wewe."

"Sawa, meza ndiyo mjinga."

Pea za Bong-su zilipangwa mstari wa mbele, zimekatwa vichwa kama inavyopasa. Bibi Tak akadai simu zote zikae kwenye rafu ya viatu. "Marehemu haji penye kelele." Akafungua mlango wa nje, roho ipate kupita, na baridi ikaingia.

Gwang-il alimimina pombe, akapiga magoti, akaweka paji la uso sakafuni. Hapo hapo simu ikaanza kutetemeka juu ya ubao, katikati ya viatu. Ikanyamaza. Ikatetemeka tena. Aliijua sauti ile. Ni onyo la dhamana. Hatua tatu tu. Bado angeweza kuinuka, kubonyeza mara moja, kuufunga mkataba kwa mkono wake na kubaki na nusu ya nyumba.

"Baba Gwang-il," Bibi Tak alikuwa akiiambia meza, "ulituachia aibu, lakini mwanao hakukufuata. Juzi alikuja mtu kutaka sahihi. Mwanao akamkatalia mbele yangu. Kula kwa raha."

Simu ikatetemeka. Nani anainuka wakati mama yake anasema maneno kama hayo? Akabaki chini. Jasho lilimtoka mpaka likaacha alama kwenye mkeka.

"Inuka basi," Bibi Tak alisema. "Mara mbili inatosha. Hata mfalme hakuinamiwa hivyo."

Simu ilikuwa imenyamaza. Alipoifikia, mkataba ulikuwa umefungwa kwa nguvu. *Salio linalopatikana: won mia nne na kumi.* Bei ya mayai mawili haifiki. Akairudisha mahali pake, katikati ya viatu, skrini ikitazama chini.

Wakaketi kula chakula cha marehemu, kama desturi. Sun-rye akamwona.

"Nani alikuwa anapiga?"

"Hakuna mtu."

"Mpe pea," Bibi Tak alisema. "Kafanya kazi ya baba yake leo."

Akala pea. Akaila yote.

*

Siku mbili kabla ya siku isiyo na pepo, Sun-rye alitaka kuhakikisha na benki kwamba kiwango cha kutuma kwa siku kinatosha kumlipa Bi. Ban. Gwang-il alimpa simu, akakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, ndani ya choo cha mama yake, mahali pekee penye mlango katika chumba kile.

Sun-rye alisoma. Alisoma tena. Hakupiga kelele, maana mama mkwe alikuwa upande wa pili akitazama mchezo wa televisheni. Akaitafuta sehemu ya kuongea na wahudumu, akaandika kwa kidole kimoja: *Hiyo ni pesa ya nyumba.*

Jibu likaja kabla hajapepesa jicho. *Mpendwa mteja, tunaelewa hisia zako. Katika Dhamana ya Pamoja, salio lote husimama nyuma ya mikataba yote. Mfumo hautofautishi chanzo cha pesa. Ulithibitisha kuwa umesoma.*

*Mume wangu hakusoma.*

*Mpendwa mteja, tunaelewa hisia zako. Je, jibu hili limekusaidia? Tafadhali toa nyota, moja hadi tano.*

Akatoa moja. *Asante! Maoni yako ni zawadi kwetu.*

"Sema kitu," Gwang-il alinong'ona.

"Niseme nini? Umeshasema wewe. Hatusimami nyuma ya mtu." Akafungua bomba la maji ili sauti isitoke nje. "Ulimfukuza ndugu yangu na viatu havijafungwa kamba. Alitaka sahihi. Wewe ukatoa nyumba kwa kidole gumba."

Benki zilikubali kukopesha sehemu, endapo angepatikana mtu wa pili wa kutia sahihi. Sun-rye alimpigia Bong-su. Mdogo wake alisikiliza mpaka mwisho, sauti ya maji ya barafu ikisikika nyuma yake.

"Nisimame nyuma ya nani, dada? Nyuma yako wewe au yake yeye?"

"Bong-su..."

"Mpe simu."

Akampa.

"Shemeji," Bong-su alisema. "Pea zilikuwa tamu?" Akakata.

*

Bibi Tak hakuambiwa. Kila mmoja alimwachia mwenzake, na siku isiyo na pepo ikafika ikiwa safi, bila wingu. Sun-rye alikuwa chini barabarani akimpigia Bi. Ban ili kumsihi awape wiki moja. Aliporudi juu, chumba kilikuwa kitupu. Sufuria ya umeme ya wali haikuwepo.

Ni desturi: kabla ya kitanda, kabla ya kabati, sufuria ya wali ndiyo huingia kwanza nyumba mpya, ili njaa isiingie. Bibi Tak alikuwa ameinunua mpya kwa pensheni yake. Akatia mchele ndani, akaifunga kwa kitambaa chekundu, akapanda teksi kuwatangulia watoto.

Bi. Ban alimkuta mlangoni pa nyumba mpya, ghorofa ya tisa, amekumbatia lile furushi, akijaribu kubonyeza kengele kwa kiwiko.

"Wewe ndiye mama yao?"

"Ndimi. Fungua, mikono imekufa ganzi."

"Nifungue nini? Mkweo kanipigia sasa hivi. Pesa hawana."

"Wanayo. Mia na themanini, iko benki. Usiseme uongo siku kama ya leo."

"Iko benki gani? Mwanao kaiweka dhamana huko mitandaoni, imeliwa. Arubuni hairudi, iko kwenye mkataba. Na mlangoni usikae, bibi, nimeshaita dalali alete watu wengine waione nyumba."

Lifti ilifunguka. Gwang-il akatoka akihema, Sun-rye nyuma yake. Bibi Tak hakugeuka upesi. Alipogeuka, aliongea kwa sauti ndogo, na wapangaji wawili waliokuwa wakipita walisimama kusikiliza.

"Ulimdhamini nani?"

"Mama, twende nyumbani."

"Ulimdhamini nani, Gwang-il?"

"Sikumdhamini mtu. Nilijidhamini mwenyewe."

"Wa baba yako alikimbia. Tulimtafuta mpaka Busan." Akamtazama juu mpaka chini, mpaka kwenye viatu. "Wako hata kukimbia hakuweza. Huyu hapa."

Gwang-il akanyoosha mikono kupokea sufuria. Bibi Tak akampita, akampa Sun-rye.

"Beba wewe. Huyu asiiguse."

Wakashuka. Ndani ya lifti mchele ulisikika ukicheza ndani ya sufuria kila Sun-rye alipohema. Kontena lile bado liko ghalani, na linalipiwa kwa siku. Sufuria iko kwa Bibi Tak, haijafunguliwa kitambaa.

*

Mambo ya kuepuka:

Usiruhusu pesa ya nyumba ilale kwa jina la mtu mmoja. Hata siku isiyo na pepo isubiriwe na watu wawili.

Usishike mkataba mkubwa kuliko mfuko wako. Anayekukopesha mara ishirini atakuvua mara ishirini.

Usibonyeze *nimeelewa* kama hujaelewa.

Usitumie Pamoja. Kama huwezi kuacha kabisa, basi Pekee, na kiasi ambacho kikipotea hutamficha mkeo. Lakini acha kabisa.

Usisome *salio linalopatikana* ukadhani ni akiba. Iliyo salama ni ile usiyoweza kuifikia kwa kidole.

Usimwage maji. Mchuzi ukiharibika, umwage mchuzi.

Usimwamini mwalimu ambaye hujawahi kuona mlango wa nyumba yake.

Usimdhalilishe mtu anayekuomba uso kwa uso. Yeye angalau umemwona macho.

Na usiseme, "haiingii ugomvini, inasimama nyuma tu." Wa mbele akianguka, humwangukia aliye nyuma.